Anayejitolea apewe na kura, si doria peke yake

Katika karibu kila kaunti ya Marekani kuna bodi ndogo ya hifadhi ya udongo na maji. Mara nyingi ina watu watano: wakulima, wafugaji, pengine mwalimu mstaafu au mama mwenye shamba la matunda. Hawalipwi mshahara. Wanarudishiwa nauli, na katika baadhi ya majimbo wanapata posho ndogo ya kikao. Hao ndio wanaoamua mteremko upi utengenezwe kwanza, ruzuku kidogo iliyopo iende kwa nani, na kazi ya mwaka ianzie wapi. Mtaalamu mwenye shahada yake na mshahara wake anakaa nao mezani, anatandaza ramani, anashauri. Ikifika kupiga kura, ananyamaza.

Hapa kwetu Tanzania tumeupindua mpangilio huo. Anayejitolea, yule mjumbe wa kamati ya mazingira au ya maliasili ya kijiji, ndiye anayepiga doria usiku, anayemwagilia miche, anayechimba makinga maji, anayegombana na wachoma mkaa na kurudi nyumbani na uadui wa kudumu. Kuamua wanaamua wengine, wenye mishahara, huko wilayani au mbali zaidi. Kisha kamati ikilegea tunasema wananchi hawana mwamko. Mimi siamini hivyo. Naamini watu hujitolea pale neno lao lina uzito, na bodi hizo za Marekani, pamoja na kasoro zake ambazo nitazisema, ni ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu.

Asili yake ni vumbi. Miaka ya 1930 nyanda za kati za Marekani zilikuwa zimelimwa kwa pupa. Majani ya asili yaliyoshika udongo kwa karne nyingi yalipinduliwa kwa matrekta ili ipandwe ngano, kisha ukaja ukame, kisha upepo. Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935 wingu jeusi la udongo lilipita juu ya Oklahoma na Texas, mchana ukageuka usiku, na hadi leo siku ile wanaiita Jumapili Nyeusi. Tarehe 27 ya mwezi huohuo Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria ya kuhifadhi udongo, na idara mpya ikaundwa chini ya Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyezaliwa kwenye familia ya wakulima katika kaunti ya Anson, North Carolina. Bennett alikuwa amepiga kelele kuhusu mmomonyoko kwa miaka mingi kabla wakubwa hawajamsikiliza.

Sasa idara ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na mashamba ya mfano, ilikuwa na vijana wa kambi za kazi wa kuchimba na kupanda. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia shambani kwa mtu. Ardhi ile ilikuwa mali binafsi, na serikali kuu haikuwa na uwezo wa kisheria wa kumwambia mkulima wa Alabama alime kwa kufuata kontua, yaani kukatiza mteremko kwa mistari iliyo sawa kimo. Hata kama ingekuwa nao, nani angemsimamia kila siku? Mwishoni mwa Februari 1937 Roosevelt aliwaandikia magavana wa majimbo yote, akawapelekea mfano wa sheria wakautumie. Mfano ule ulisema hivi: wakulima 25 wa eneo fulani wakiomba, jimbo liitishe kikao cha kuwasikiliza watu, kisha wenye mashamba wapige kura kama wanaitaka hifadhi ya udongo kwao. Wakikubali, inaundwa bodi ya watu watano, watatu wakichaguliwa na wenzao, wawili wakiteuliwa na kamati ya jimbo. Tarehe 4 Agosti 1937 bodi ya kwanza ilipata hati yake huko Brown Creek, kaunti ya Anson, nyumbani kwa Bennett mwenyewe. Leo maeneo ya namna hiyo yanakaribia 3,000 nchi nzima.

Tazama mpangilio wenyewe: wananchi wanaomba kwanza, wanapiga kura, ndipo mtaalamu anaingia. Sisi tumezoea mradi unaoshuka na gari jeupe, kamati inaundwa mchana huo chini ya mwembe, na orodha ya wajumbe inasainiwa kabla watu hawajajua wameitiwa nini.

Kikao cha kawaida cha bodi hizo hakina makuu. Hufanyika mara moja kwa mwezi, mara nyingi katika jengo lilelile lenye ofisi ya kilimo ya serikali kuu, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Wanasoma muhtasari wa kikao kilichopita, mhazini anataja matumizi hundi kwa hundi, mtaalamu anatoa taarifa, kisha yanakuja maombi. Chukua ombi moja. Mkulima ana korongo linaloanza kufunguka katikati ya shamba lake la mahindi, anataka msaada wa gharama kutengeneza mkondo mpana wenye nyasi ili maji yateremke bila kuchimba. Mtaalamu ameshapima: upana, mteremko, kiasi cha maji ya mvua kubwa, gharama yote. Hesabu zake ni sahihi. Mjumbe mmoja anauliza swali moja tu: na yule wa juu yake je? Maana yeye anajua maji yale yanatoka shamba la juu, na mwenye shamba la juu amelima mpaka ukingoni mwa kijito. Mkondo ukitengenezwa chini na juu kukaachwa vile, baada ya misimu michache utajaa tope na fedha ya umma itakuwa imezikwa. Bodi inaahirisha ombi. Mjumbe mmoja anapewa kazi ya kwenda kuzungumza na jirani wa juu, kwa sababu watoto wao wanasoma pamoja, au kwa sababu mwaka juzi aliazimwa trekta. Katika ramani ya mtaalamu hakuna mahali pa kuandika habari kama hiyo, na bila hiyo mradi mzuri kabisa unakufa.

Ikitokea kwamba mwombaji ni mjumbe mwenyewe, au ndugu yake, anajitoa kwenye kura na muhtasari unaandika hivyo kwa jina. Ni jambo dogo, lakini nimekaa na kamati za kutosha kujua kwamba bila hilo hata watu waadilifu huanza kunong'onezewa.

Mtu atasema hayo ni mazungumzo ya ujirani tu, na ujirani hauwezi kumzuia mkaidi. Hapo ndipo habari ya Iowa inaponivutia. Mwaka 1971 jimbo lile lilizipa bodi zake meno. Ziliwekewa uwezo wa kupanga kiwango cha juu cha udongo ambacho shamba linaruhusiwa kupoteza kwa mwaka. Jirani ambaye shamba lake linafukiwa na tope la mwenzake anaweza kulalamika, bodi inatuma mtu apime, na ikionekana kiwango kimepitwa, mwenye shamba anaamriwa kurekebisha. Kuna sharti moja la haki kabisa: fedha ya umma ya kuchangia gharama iwepo, ili mtu asibebeshwe peke yake mzigo wenye faida kwa wote. Katika kaunti ya Woodbury wenye shamba fulani waliamriwa ama watengeneze matuta ama waoteshe majani ya kudumu. Wakakataa, wakasema sheria inawanyang'anya mali. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya jimbo, na mwaka 1979 mahakama ikaipa bodi ushindi: udongo ni jambo ambalo jimbo lina haki ya kulilinda, na kumtaka mwenye ardhi achangie kuulinda si kumpora.

Fikiria uzito wa hilo. Watu wasiolipwa, wanaosali kanisa moja na mshtakiwa, walimwandikia amri, na amri ikasimama mpaka mwisho. Amri za namna hiyo ni chache sana, na ni sawa ziwe chache. Lakini mkaidi akijua kwamba bodi ina uwezo huo, mazungumzo ya jikoni kwake huenda kwa adabu zaidi.

Nebraska walikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 1972 waliunganisha bodi na mamlaka ndogondogo 154 za udongo, maji na mafuriko, wakapata maeneo 24, ambayo sasa ni 23, na mipaka yake wakaichora kufuata mabonde ya mito. Wajumbe wanachaguliwa kwenye uchaguzi mkuu, na bodi zina uwezo wa kutoza kodi ndogo ya mali, kwa hiyo zina mfuko wao usiosubiri huruma ya mtu. Zaidi ya hayo zilikabidhiwa maji ya chini ya ardhi, yale ya hazina kubwa ya Ogallala ambayo visima vya umwagiliaji vinaifyonza. Katika eneo la Upper Republican, kusini-magharibi mwa jimbo, tangu miaka ya 1970 bodi ilianza kufunga mita kwenye visima na kumpangia kila mkulima kiasi cha kuvuta. Ndani ya bodi walikuwemo wamwagiliaji wenyewe. Walijipunguzia wao. Nikiulizwa kama watu wa kawaida wanaweza kujiwekea mipaka inayowauma mfukoni, jibu langu ni kwamba wamekwisha kufanya, na mita zipo.

Kasoro zao sitazificha. Uchaguzi wa wajumbe hawa katika maeneo mengi hupita bila watu kujua, wapiga kura ni wachache mno, na mtu anaweza kukalia kiti miaka 30 kwa sababu hakuna aliyejitokeza kushindana naye. Katika majimbo ya kusini viti vilikuwa mikononi mwa Wazungu kwa miongo mingi, na wakulima weusi, ambao ndio waliolima sehemu kubwa ya pamba iliyouchosha udongo ule, walikaa nje ya mlango. Ruzuku ikafuata walipokuwa wenye viti. Kujitolea nako kuna gharama: anayeweza kutoa siku nzima kila mwezi bila malipo ni mwenye nafasi, na kibarua wa shambani hana nafasi hiyo.

Kuna na kasoro nyingine, ya ndani zaidi. Bodi ya majirani inaona mpaka wa ujirani wake, basi. Mbolea ya mashamba ya Iowa inashuka na maji mpaka kwenye mito ambayo wakazi wa Des Moines wanakunywa. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya jiji hilo ilizishtaki mahakamani kaunti tatu za juu kuhusu nitreti, kemikali ya mbolea, inayotoka kwenye mifereji ya mashamba inayosimamiwa na mamlaka za mifereji, chombo tofauti na bodi za udongo, na mwaka 2017 kesi ikatupwa. Mnywaji wa jijini hana kura kule juu. Bodi za watu wema zinazotegemea hiari ya mkulima hazijaweza kuliziba pengo hilo, na ningekuwa mdanganyifu kama ningeyasifia haya nikaliacha hilo.

Vumbi la miaka ya 1930 lilifika mpaka kwetu, kwa njia ya makaratasi. Maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki walisoma habari za maafa ya Marekani, wakatazama vilima vya Ukambani huko Kenya na Uluguru huko Morogoro, wakaona wao ndio wanaofuata. Hofu yao haikuwa ya kubuni, mmomonyoko ulikuwepo kweli. Ila pale ambapo mkulima mzungu wa Anson aliulizwa kama anataka, Mkamba hakuulizwa. Mwaka 1938, hata mwaka haujaisha tangu bodi ya Brown Creek ipate hati, serikali ya Kenya ilikuwa inakamata ng'ombe wa Machakos kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa ili kupunguza mifugo. Watu kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana mpaka Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Serikali ikalegeza kamba juu ya ng'ombe, Muindi Mbingu ikampeleka kifungoni Lamu.

Uluguru nako watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, asiyechimba anatozwa faini. Waluguru walisema wazi kwamba kukata ngazi kwenye udongo mwembamba wa mlima ule kunafukia rutuba na kuinua udongo mfu. Walikuwa wanajua shamba lao. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa, na mpango mzima ukaachwa. Wazee wengi wa vijiji vya milimani walikua wakilisikia neno matuta kama jina la adhabu, na afisa ugani aliyekuja baadaye kwa nia njema alirithi chuki hiyo bila kujua imetoka wapi.

Machakos ndiko kunakonipa matumaini. Miaka ya 1950 walirudi kwenye mwethya, vikundi vya Wakamba vya kusaidiana kazi, na safari hii vikundi vikaachiwa kujichagulia viongozi. Wengi wao walikuwa wanawake. Wakachagua pia aina ya tuta wanalolitaka wao, fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua na kuurusha udongo upande wa juu, ukingo unaoteshwa majani ya kulisha ng'ombe, na mvua kwa mvua udongo unajisawazisha wenyewe nyuma ya ukingo mpaka ngazi inatokea. Kazi ni ngumu kuliko kurusha chini, kwa kuwa unapambana na mlima. Lakini baada ya uhuru, wakati hakuna tena wa kumpiga mtu faini, matuta yale yaliendelea kuongezeka. Pita leo barabara ya vilima vya Machakos uone ngazi zilivyopangana kutoka bondeni mpaka kileleni. Kilichobadilika kati ya 1938 na miaka ile ya baadaye ni nani aliyekuwa na kauli.

Tanzania sheria tunayo, tena nzuri. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake, kuchagua kamati kupitia mkutano mkuu, kutunga sheria ndogo, kuvuna kwa mpango na kubaki na mapato. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilifanya hivyo kwenye msitu wenye mipingo, ule mti unaotoa mbao za klarineti na zumari, na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, misitu ya asili ya kijamii ya kwanza Afrika kukipata. Kamati zilihesabu miti, zikapima vipenyo, zikapendekeza ivunwe mingapi. Mkutano wa kijiji ukakubali. Mbao zikauzwa na fedha zikabaki kijijini. Doria za watu wa namna hiyo zina sababu, kwa kuwa anayelala porini usiku analinda kitu ambacho atakipangia matumizi asubuhi.

Vijiji vingi haviko hivyo. Nimekaa na wajumbe waliokamata lori la mkaa saa nane za usiku, wakatembea na dereva mpaka kituoni, kulipokucha wakaambiwa lori lina kibali cha juu na liachiwe. Hakuna aliyewaonyesha kibali hicho. Hakuna aliyekuja kijijini kueleza. Wiki mbili baadaye wanaitwa kwenye semina ya kujengewa uwezo. Uwezo wanao, ndugu zangu, wanajua kila kichaka. Wanachokosa ni haki ya kusema hapana na hapana yao ikaheshimiwa.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu cha kiutendaji. Mpango kazi wa mwaka wa afisa misitu na wa afisa ugani wa kata uletwe kwenye kamati ya kijiji kabla haujaanza, ujadiliwe, upitishwe kwa kura na muhtasari uandikwe. Kamati ikikataa jambo, afisa aeleze kwa maandishi kwa nini analiendeleza. Kibali chochote cha kuvuna ndani ya ardhi ya kijiji kiwe batili bila muhtasari huo. Mjumbe mwenye maslahi ajitoe na jina lake liandikwe. Viti vya wanawake visiwe vya kujazia, na wafugaji wawe na kiti pale wanapoishi, tusije tukarudia kosa la majimbo ya kusini kule Marekani kwa rangi zetu wenyewe. Vijiji vinavyogawana mto mmoja viwe na kikao cha pamoja, wa chini akae na wa juu, maana tumeona kilichotokea Iowa pale ambapo wa chini hana sauti.

Na hao wajumbe wasitoke mifukoni mwao. Nauli, chakula cha siku ya doria, buti, tochi, na bima ya afya kwa mwaka wanaoutumikia, vyote vitolewe kwenye faini na ushuru wa mazao ya msitu huohuo, vikatwe kijijini kabla shilingi moja haijapanda kwenda wilayani.